Punda Wako Ana Mimba? Jua Mapema Kabla Hujampakia Mzigo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wenye punda na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Thika na Ruiru. Tunaichapisha hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika, pamoja na maswali yaliyoulizwa.)

  Tunajua asubuhi ndiyo saa ya maji, na aliyeketi hapa saa hii ameacha pesa kule nje. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Jambo la kwanza, sisi wa huduma za jamii hatukusomea udaktari wa mifugo. Tuliyoyaleta leo ni mambo tuliyofundishwa na madaktari wa mifugo, tukayaweka pamoja na yale tuliyosikia kwenu tulipokuwa tukitembelea vikundi. Kila kikundi tulichotembelea, kuanzia Kiandutu hadi Kimbo, kilituuliza swali moja: nitajuaje kama punda wangu jike ana mimba kabla mimba haijaharibika? Na wengine wakaongeza: tumesikia kuna kipimo cha haraka, kama kile cha wanawake, je, ni kweli?

Ndilo swali la leo. Tutalijibu pole pole.

KWA NINI MIMBA YA PUNDA NI SHAURI LA NYUMBA NZIMA

Hapa kwetu punda ndiye bomba la maji. Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka wa 1994, na maji yake yanateremka hadi Nairobi. Lakini ukienda Mwihoko au Kimbo, au ukiingia ndani ya Kiandutu siku mfereji umekauka, maji yanakuja kwa mkokoteni. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, na hapo hatujahesabu mkokoteni wenyewe wala kijana aliyeketi juu. Kutokana na mitungi hiyo watoto wanalipiwa karo, nyumba inalipiwa kodi, na unga unanunuliwa.

Sasa angalieni hesabu ya punda nchini. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 Kenya nzima. Sensa ya 2019 ilipata karibu milioni 1.2. Wamekwenda wapi? Wengi wenu mnajua. Kuanzia 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda, vikafika vinne: Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi ilitakiwa China kwa kutengenezea dawa inayoitwa ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Huo ulikuwa wakati wa wizi. Mtu alikuwa analala na punda wawili, asubuhi anakuta kamba tu. Mwezi wa Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka wa 2021 mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo. Na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana huko Addis Ababa kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi.

Lakini punda waliokwisha hawarudi kwa tangazo, wanarudi kwa kuzaliwa. Na punda si sungura. Punda jike anafaa kubeba mimba akiwa na miaka 3 hivi. Anabeba mimba miezi 12, wakati mwingine inapita 13. Anazaa mtoto mmoja. Ukimpa nafasi ya kupumzika na kunyonyesha, utapata mtoto mmoja kila miaka 2. Hesabuni wenyewe: katika miaka 10 ni watoto 4 au 5, ikiwa hakuna mimba iliyoharibika. Kila mimba inayotupwa barabarani ni miaka 2 imepotea.

Na nyingi hutupwa bila mwenyewe kujua. Mimba ya miezi 2 ikitoka, hutaona kitu. Utasema tu, "Huyu punda wangu ni tasa," umuuze. Kumbe hakuwa tasa.

KIJITI CHA DUKA LA DAWA

Kikundi kimoja upande wa Ruiru kilituambia kisa ambacho wamekubali tukisimulie bila kutaja majina. Walikuwa na jike mmoja mzuri, mwenye nguvu, waliyemshuku kuwa na mimba. Mtu mmoja akawashauri wanunue vile vijiti vya kupima mimba vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya akina mama. Wakakinga mkojo wa punda kwa kopo, wakachovya kijiti. Mstari ukatokea mmoja. Wakanunua cha pili, mstari mmoja tena. Wakasema, hana mimba, na wakamrudisha kwenye mkokoteni wa mawe ya kujengea, mzigo mzima, kila siku, wakati wa matope.

Baada ya wiki kadhaa jike yule alilala chini kando ya barabara akazaa mtoto aliyekamilika, mwenye manyoya, lakini amekufa. Yeye mwenyewe aliacha kula, na siku ya 5 akafa pia. Watu 4 walikuwa wakimtegemea.

Je, kijiti kilikuwa kibovu? Hapana. Kilikuwa kizima kabisa. Kijiti kile kimetengenezwa kitambue homoni moja tu, ile inayotolewa na mimba ya binadamu. Punda hana homoni hiyo. Farasi hana, ng'ombe hana, mbuzi hana. Ungechovya katika mkojo wa punda mwenye mimba ya mwezi 1 au wa miezi 11, jibu lingekuwa lile lile: mstari mmoja. Na punda ana homoni yake nyingine inayokaa ndani ya damu, haitoki katika mkojo kwa wingi. Kwa hivyo hata ungekuwa na kijiti cha punda cha homoni ile, mkojo haungekusaidia.

Tafadhali lifikisheni neno hili nyumbani: kijiti cha wanawake hakimpimi mnyama. Yeyote anayekuuzia kwa kazi hiyo, hata kama hana nia mbaya, anakupoteza.

HOMONI NI NINI, NA WATU WALIANZAJE KUIPIMA

Homoni ni ujumbe ambao sehemu moja ya mwili inaupeleka sehemu nyingine kwa njia ya damu. Mimba ikiingia, mwili wa mama lazima uambiwe: usirudi kwenye joto, tunza tumbo la uzazi, tayarisha maziwa. Kupima homoni ni kama kusoma barua hizo zikiwa njiani.

Zamani hapakuwa na vijiti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 madaktari wawili wa Ujerumani, Aschheim na Zondek, walikuwa wakidunga panya mkojo wa mwanamke, kisha wanampasua panya kuona kama mayai yake yamekomaa. Baadaye kidogo ikaja njia ya chura. Mwanasayansi Mwingereza, Lancelot Hogben, alikuwa akifanya kazi Cape Town, akaona kwamba chura wa huko wa majini akidungwa homoni hutaga mayai kwa muda mfupi. Chura hao walipelekwa hospitali za Ulaya na Marekani kwa maelfu, na kwa miaka mingi mimba za wanawake huko zilipimwa na chura wa Afrika.

Farasi naye alipata zamu yake. Mwaka wa 1930 watafiti Cole na Hart huko California walidunga panya wachanga damu ya farasi mwenye mimba, mayai ya panya yakakomaa. Wakajua kwamba damu hiyo ina homoni ya pekee. Mwaka huo huo Zondek akagundua kwamba mkojo wa farasi mwenye mimba umejaa homoni nyingine, estrojeni. Siku hizi hapauawi panya wala chura. Kijiti cha kisasa kina chembe zinazoshika homoni moja tu, kama kufuli na ufunguo wake. Homoni ikiwepo, rangi hujikusanya na kuwa mstari. Ndiyo maana kinaitwa kipimo cha haraka. Dakika chache tu, jibu lipo.

Lakini ni jibu la swali gani? Hapo ndipo tunataka mtulie kidogo.

HOMONI TATU, MASWALI MATATU

Kwa farasi na punda kuna homoni tatu zinazopimwa, na kila moja ina wakati wake.

1. Projesteroni. Hii hupimwa katika damu, kama wiki ya 3 baada ya kupandwa, wakati ambao jike angekuwa anarudi kwenye joto. Ikiwa ni ya chini, unaweza kuamini kwamba hana mimba. Ikiwa ni ya juu, si lazima awe na mimba. Pengine ulikosea tarehe, au mzunguko wake umechelewa tu. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kinajua zaidi kusema "hapana" kuliko kusema "ndiyo".

2. Homoni ya vikombe. Mimba ya farasi ikifika siku 36 hadi 40, chembe za mtoto hujichimbia katika ukuta wa tumbo la uzazi na kutengeneza vitu kama vikombe vidogo. Vikombe hivyo ndivyo vinavyotoa homoni ile waliyoiona Cole na Hart. Inapimwa katika damu kuanzia siku ya 40 hadi kama siku ya 120, kisha vikombe hufa vyenyewe na homoni inaisha. Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, kwa punda homoni hii huwa kidogo kuliko kwa farasi, kwa hivyo kipimo cha farasi kinaweza kumkosa. Pili, na hili ni kubwa, mtoto akifa siku ya 50, vikombe havifi naye. Vinaendelea kutoa homoni. Kipimo kitasema "ana mimba" na mtoto hayupo. Tena jike huyo huenda asirudi kwenye joto sawasawa mpaka vikombe viishe, na wewe utazidi kuamini kwamba ana mimba.

3. Estroni salfeti. Hii hutokana na mtoto pamoja na kondo lake la nyuma wakifanya kazi kwa pamoja. Baada ya siku 100 hivi inapatikana kwa wingi katika damu, na kadiri mimba inavyokua hupatikana pia katika mkojo. Mtoto akifa, inashuka. Kwa hivyo hii ndiyo inayojibu swali ambalo mwenye punda analiuliza kweli: je, mtoto yuko hai? Ubaya wake ni kwamba inachelewa. Miezi 3 ya kwanza, ambayo ndiyo ya hatari kubwa ya kutoka kwa mimba, imekwisha pita.

Mmeona? Kipimo kimoja kinafaa wiki ya 3, kingine mwezi wa 2 hadi wa 4, cha tatu kuanzia mwezi wa 4. Ukichukua cha pili ukampima jike wa miezi 7, kitasema hana mimba, na amebeba. Kwa hivyo mtu asiyejua tarehe ya kupandwa hana faida na kipimo chochote, hata akipewa bure.

MKONO NA PICHA

Daktari wa mifugo ana njia nyingine mbili. Moja ni picha ya mawimbi ya sauti, ile inayoitwa altrasaundi. Inaweza kuonyesha mimba kuanzia siku ya 14 hadi 16, na faida yake kubwa ni kuona kama ni pacha. Pacha kwa punda ni balaa. Mara nyingi wote wawili hutoka. Homoni haihesabu watoto, picha inahesabu.

Njia ya pili ni mkono kupitia njia ya haja kubwa, kuanzia kama siku ya 30 hadi 45 kwa mkono uliozoea. Hapa tunaonya kwa nguvu: kazi hii ni ya daktari peke yake. Punda ni mdogo, na utumbo wake ukipasuka atakufa. Kuna watu wanaopima ng'ombe kwa mkono wakadhani punda ni hivyo hivyo. Sivyo. Usimkubalie.

Kama daktari anaona damu ipimwe, yeye ndiye atakayejua pa kuipeleka. Kabete kuna maabara kuu ya mifugo ya serikali na kuna shule ya madaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwambieni aulize kwanza kama kipimo hicho wanakifanya na bei yake, kabla hamjachangisha.

NA NINYI WA NG'OMBE MSILALE

Akina mama wa ng'ombe mmoja mmoja nyuma ya nyumba, hili linawahusu pia. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila siku 21. Ukipandisha kwa A.I. na isishike, na wewe usijue, umepoteza siku 21. Ukikosa mara 3 ni siku 63 za nyasi, chakula cha madukani na maji, na hakuna ndama njiani. Tumemkuta mama mmoja Thika ambaye aligundua mwezi wa 6 kwamba ng'ombe wake alikuwa mtupu. Maziwa yamekauka, ndama hayupo, na mkopo wa kikundi unadai kila wiki.

Kwa ng'ombe, vipimo vya haraka vimeendelea kuliko kwa punda. Projesteroni inapimwa katika maziwa, bila sindano, siku ya 21 hadi 24 baada ya kupandishwa: ikiwa chini, hana mimba, mtazame joto mara moja, ikiwa juu, ngoja uthibitisho. Kuna pia kipimo cha protini inayotoka kwenye kondo la nyuma, kinachofanywa kwa damu au maziwa kuanzia siku ya 28. Hicho kinaaminika zaidi, ila protini ile hubaki mwilini baada ya kuzaa, kwa hivyo asipimwe kabla ya siku 60 tangu azae. Na mkono wa daktari katika mwezi wa 2 au wa 3 bado unafanya kazi yake vizuri.

DAFTARI KABLA YA KIPIMO

Basi kipimo cha kwanza kabisa ni daftari la shule na kalamu. Andika siku jike alipokuwa na joto. Utamjua: anapiga mdomo kama anatafuna hewa, masikio ameyalaza nyuma, mate yanatoka, anakojoa kidogo kidogo. Joto lake huchukua siku 6 hadi 9, na hurudi baada ya siku 23 hadi 25 hivi. Andika siku aliyopandwa na dume gani. Kisha weka alama siku ya 21, na umtazame mpaka siku ya 28. Akianza tena kutafuna hewa, mimba haikushika. Asipoanza, mchukulie kuwa ana mimba mpaka daktari aseme vinginevyo. Hii haigharimu hata shilingi.

Wale ambao punda wao wanazurura usiku na kupandwa huko huko, hamna tarehe. Na asiyekuwa na tarehe daima atakuwa anabahatisha.

AKISHAJULIKANA KUWA NA MIMBA, TUFANYE NINI?

Kujua peke yake hakusaidii kama mzigo ni ule ule. Haya ndiyo tuliyoelekezwa:

- Miezi ya kwanza anaweza kufanya kazi, lakini mzigo upunguzwe, na asipigwe wala kukimbizwa.
- Miezi 3 ya mwisho apumzike kabisa kuvuta na kubeba. Atembee tu, ale majani.
- Baada ya kuzaa apumzike angalau miezi 3 anyonyeshe.
- Asikose chakula hata siku moja. Punda mwenye mimba akikataa kula, mafuta ya mwili humwagika katika damu na yanaweza kumuua kwa siku chache. Hapo ndipo yule jike wa Ruiru alipoishia. Akikataa kula leo, daktari aitwe leo.
- Apewe dawa ya minyoo na chanjo ya pepopunda kwa ushauri wa daktari.
- Akizaa, mtoto anyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa 6. Kondo la nyuma lisipotoka ndani ya saa 3, piga simu. Usilivute kwa mkono.

Na tukumbushane: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema ni kosa kumfanyisha kazi mnyama asiyekuwa katika hali ya kufanya kazi. Hatutaki kuwatisha. Tunataka mjue kwamba punda naye ana haki yake hata mbele ya askari.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali (kijana wa Kimbo): Mnasema apumzike miezi 6. Mimi nina punda huyo huyo. Nitakula nini miezi 6?

Jibu: Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndiyo sababu tumewaita kama vikundi. Mtu mmoja na punda mmoja hawezi. Watu 4 wenye jike 2 na dume 1 wanaweza. Mfano: jike wa kwanza apandwe mapema Januari. Atazaa Januari ya mwaka ujao, kwa hivyo atapumzika kuanzia Oktoba hadi Machi. Jike wa pili apandwe Julai. Atapumzika kuanzia Aprili hadi Septemba. Hakuna siku ambayo wote wawili wamelala, na dume anavuta mwaka mzima. Tena Aprili na Mei mvua ikinyesha soko la maji linashuka lenyewe. Lakini mpango huu wote unasimama juu ya tarehe. Jike wa pili akipandwa ovyo mwezi wa Februari, mpango umevunjika.

Swali (mama wa Gitambaya): Nimesikia unaweza kumwagia mbegu za ngano mkojo, zisipoota ana mimba.

Jibu: Ni jambo la kale sana, mama. Wamisri wa kale waliandika habari za kupima wanawake kwa ngano na shayiri, na huko India wamejaribu mkojo wa ng'ombe kwa mbegu za ngano. Kuna ukweli fulani ndani yake, maana mkojo wa mwenye mimba hubadilika. Lakini mbegu mbovu haioti, na mkojo mkali huunguza mbegu hata kama mnyama hana mimba. Ukitaka kujaribu jaribu, lakini usimpakie punda mzigo kwa ushahidi wa mbegu.

Swali (mzee wa Kiganjo): Sisi zamani tulikuwa tunatazama tumbo tu. Kuna ubaya gani?

Jibu: Hakuna ubaya, mzee wetu, ila tumbo husema ukweli likichelewa. Punda aliyekula majani makavu mengi ana tumbo kama la mimba. Mtoto huonekana akicheza ubavuni miezi ya mwisho, na chuchu hujaa kama mwezi mmoja kabla ya kuzaa. Macho yenu yatumike wakati huo kutayarisha mahali pa kuzalia. Kwa miezi ya mwanzo tunahitaji daftari na daktari.

Swali (kijana wa Makongeni): Daktari akija kwa punda mmoja ananidai usafiri mwingi.

Jibu: Mwiteni kwa punda 10 kwa siku moja, mahali pamoja, mkiwa na madaftari yenu mkononi. Usafiri ni mmoja, mnaugawanya kwa 10. Na ninyi wa ng'ombe jiungeni siku hiyo hiyo.

TULIYOKUBALIANA

Kabla ya kuondoka, waliohudhuria walikubaliana mambo manne. Kila kikundi kiwe na daftari moja la tarehe, na mtu mmoja wa kulitunza. Jike wasiachwe kuzurura usiku. Kila miezi 3 daktari aitwe kwa siku moja ya pamoja, zamu moja Thika na zamu moja Ruiru. Na jike aliyeandikwa kuwa na mimba, mzigo wake upunguzwe na kikundi chote, hata kama mwenyewe ana shida ya pesa siku hiyo. Shida hiyo iletwe kwa kikundi, isipelekwe kwa punda.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Lakini sisi tuliowatembelea tumeona punda wakileta maji mlangoni miaka nenda miaka rudi, na mateke tumeyaona machache. Tumwekee tarehe zake, tumpunguzie mitungi, na mwakani tukikutana hapa tuhesabu watoto wa punda waliozaliwa hai.